Faibroidi na Jeni: Kinachorithiwa na Kisichorithiwa

Faibroidi ni uvimbe usio wa saratani unaoota katika misuli laini ya mfuko wa uzazi, misuli ile ile inayobana wakati wa hedhi na kumsukuma mtoto wakati wa kujifungua, na miongoni mwa aina zote za uvimbe zinazompata mwanamke hakuna unaoenea kiasi chake. Uchunguzi uliofanywa katika jiji la Washington nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, ambamo wanawake walipimwa kwa ultrasaundi hata kama hawakuwa na dalili, ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 karibu asilimia 70 ya wanawake wenye asili ya Ulaya na zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa wamewahi kuwa na faibroidi. Wengi wao huishi nazo hadi uzeeni bila kujua, ilhali wengine hutokwa na damu nyingi ya hedhi mpaka kupungukiwa damu, huumwa nyonga na mgongo, hubanwa na mkojo kila saa, au hupata shida ya kushika mimba na kuilea, na kwa sababu hizo faibroidi zimekuwa chanzo kikubwa cha upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi katika nchi nyingi duniani.

Kwa kuwa mara nyingi mama, dada, binti na mama mdogo hukutwa na tatizo hilo hilo, familia nyingi huliona kuwa ugonjwa wa ukoo, na kila binti huanza kujiuliza lini zamu yake itafika. Sayansi ya jeni, yaani elimu ya maelekezo yaliyoandikwa ndani ya DNA ya kila seli, imelichunguza suala hili kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lake lina pande mbili ambazo ni lazima zitenganishwe: yako mabadiliko ya jeni yanayotokea ndani ya uvimbe wenyewe, ambayo mwanamke hakuyapata kwa wazazi wala hatawapa watoto wake, na yako mengine aliyozaliwa nayo, ambayo humweka karibu zaidi au mbali zaidi na ugonjwa. Anayeyachanganya hayo mawili huogopa pasipostahili hofu, na pengine hupuuza pale panapostahili tahadhari.

Hatua kubwa ya kwanza ilipigwa mwaka 1965, kabla mtu yeyote hajaweza kusoma herufi za DNA, na ilitegemea sifa ya damu inayojulikana sana barani Afrika. Seli za mwili zina kimeng'enya kinachoitwa kwa kifupi G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu zisiharibike. Jeni yake imo katika kromosomu ya X, na katika nchi zilizokaa na malaria kwa vizazi vingi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo, aina zake mbalimbali zimeenea, ndiyo maana madaktari huwa waangalifu wanapotoa dawa ya malaria iitwayo primakwini. Mwanamke ana kromosomu X mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, lakini kila seli yake huifunga moja na kuitumia ile iliyobaki, na uchaguzi huo, unaofanyika kwa bahati tu katika siku za mwanzo za mimba, hufuatwa na seli zote zitakazotokana na seli hiyo. Wanasayansi Linder na Gartler, waliofanya kazi Seattle nchini Marekani, walichunguza mifuko ya uzazi ya wanawake weusi waliokuwa na aina mbili za kimeng'enya hicho, yaani aina A na aina B kwa pamoja. Kipande cha misuli ya kawaida kilikuwa na mchanganyiko wa A na B, kama ilivyotarajiwa, lakini kila faibroidi ilikuwa na aina moja peke yake, na ndani ya mfuko mmoja wa uzazi iliwezekana faibroidi moja kuwa ya A na jirani yake kuwa ya B.

Maana ya matokeo hayo ni kubwa. Faibroidi haitokani na misuli nzima kuvimba, wala haisambai kutoka sehemu moja hadi nyingine kama saratani. Kila moja huanzia katika seli moja iliyopatwa na jambo fulani, ikagawanyika tena na tena, hivyo kwamba mwanamke mwenye faibroidi kumi kwa kawaida amepatwa na jambo hilo mara kumi tofauti, ingawa tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mara nyingine faibroidi zilizo jirani huwa na asili moja. Inafaa pia kukumbukwa kwamba ugunduzi huu wa msingi uliwezekana kwa sababu ya sifa waliyorithi wanawake wenye asili ya Afrika, jambo ambalo halitajwi mara nyingi, na ambalo linashangaza zaidi ukilipima na uchache wa wanawake hao katika tafiti zilizofuata.

Jambo linaloipata mara nyingi zaidi ile seli ya kwanza lilibaki kitendawili kwa miaka 46 zaidi. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Helsinki nchini Finland, chini ya Lauri Aaltonen, lilisoma sehemu zote za DNA zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini katika faibroidi 18 na kuzilinganisha na misuli ya kawaida ya wanawake hao hao, likakuta kwamba faibroidi 10 kati ya hizo zilikuwa na hitilafu katika jeni moja iitwayo MED12. Walipopanua uchunguzi hadi faibroidi 225 kutoka kwa wanawake 80, hitilafu hiyo ilionekana katika 159, sawa na asilimia 70, na karibu zote zilikaa katika eneo dogo sana la jeni, hasa mahali panapoelekeza kiungo cha 44 katika mnyororo wa asidi amino unaounda protini. Ni nadra katika elimu ya uvimbe kukuta herufi zile zile zikiharibika mahali pale pale kwa wanawake wengi kiasi hicho. Mwaka huo huo uchunguzi wa faibroidi za wanawake wa Afrika Kusini ulikuta hitilafu ya aina hiyo katika nusu hivi ya uvimbe uliopimwa, na hivyo ikathibitika kwamba jambo hili si la Wafini peke yao.

Protini inayotengenezwa na jeni ya MED12 ni sehemu ya mtambo mkubwa wa protini uliomo ndani ya kiini cha seli, ambao kazi yake ni ya udalali: hupokea ujumbe kutoka kwa homoni na vichocheo vingine, kisha huufikisha kwa mashine inayosoma jeni, ili jeni fulani isomwe na nyingine inyamaze. Upande mmoja wa mtambo huo una kimeng'enya ambacho MED12 hukiwasha, na hitilafu inayoonekana katika faibroidi hukata uhusiano huo, ujumbe ukafika umepotoka na seli ikaanza kugawanyika na kumwaga nyuzi nyingi za kolajeni, zile zinazoufanya uvimbe uwe mgumu unapoguswa. Kwa kuwa jeni hii nayo imo katika kromosomu ya X, na kila seli ya mwanamke hutumia X moja tu, kosa moja katika X inayotumika linatosha, wala hakuna nakala ya pili ya kusahihisha. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwawekea panya hitilafu hiyo katika mfuko wa uzazi, na panya hao wakaota uvimbe unaofanana na faibroidi, ushahidi kwamba MED12 iliyoharibika husababisha ugonjwa na haiokotwi tu njiani uvimbe ukiwa umeshaanza.

Kwa upande mwingine, picha ya mwaka 1965 imehitaji marekebisho. Ndani ya faibroidi zenye hitilafu ya MED12, seli za misuli ndizo zinazobeba kosa hilo, lakini zimezungukwa na seli za aina nyingine, zile zinazotengeneza nyuzi za kuunganisha mwili, ambazo DNA yake ni salama kabisa. Seli moja iliyoharibika, kwa hiyo, huzaa kizazi chake na papo hapo hushawishi majirani wazima waishi nayo na kuijengea, na huenda hapo ndipo dawa za siku zijazo zitakapoelekezwa. Hitilafu hiyo hiyo ya MED12 imekutwa pia katika uvimbe wa kawaida wa matiti wa wanawake vijana, ule unaoteleza chini ya kidole na usio wa saratani, titi nalo likiwa kiungo kingine kinachoishi kwa kutegemea homoni za mzunguko wa mwezi.

Faibroidi zisizo na kosa la MED12 zina njia zao. Njia iliyogunduliwa mapema zaidi, katika mwaka 1995, inahusu jeni ya HMGA2 iliyomo katika kromosomu ya 12, ambayo hufanya kazi mtoto akiwa tumboni na kisha hulala mtu anapokuwa mzima. Vipande vya kromosomu ya 12 na ya 14 vinapokatika na kubadilishana nafasi, jeni hiyo huamshwa upya katika misuli ya mwanamke mtu mzima, na matokeo yake mara nyingi ni faibroidi moja kubwa, tofauti na zile za MED12 ambazo huelekea kuwa ndogo na nyingi. (Jeni hiyo hiyo, katika tofauti zake za kawaida, ni mojawapo ya jeni zinazochangia kimo cha binadamu.) Ziko pia faibroidi ambazo kromosomu zake zimevunjika vipande vingi na kuunganika ovyo kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo miongoni mwa aina za uvimbe lilifikiriwa kuwa la saratani pekee mpaka mwaka 2013, na nyingine ambazo kosa lake limo katika protini zinazopanga namna DNA inavyofungashwa.

Makosa yote yaliyotajwa hadi hapa hutokea ndani ya mfuko wa uzazi katika maisha ya mwanamke mwenyewe, pengine wakati seli za misuli zinapogawanyika mwezi baada ya mwezi. Hayamo katika mayai yake, hayamo katika damu yake, na kipimo cha damu hakiwezi kuyaonyesha. Binti hawezi kurithi faibroidi ya mama yake kwa njia hiyo, na hakuna mzazi anayestahili kulaumiwa kwayo.

Hata hivyo familia hazijakosea zinaposema kwamba jambo hili huandamana na ukoo. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba mapacha wa yai moja, ambao DNA yao ni moja, huugua wote wawili mara nyingi zaidi kuliko mapacha wa mayai mawili, na mwanamke ambaye mama au dada yake ana faibroidi huwa katika hatari kubwa kuliko mwingine. Kinachorithiwa hapa ni mwelekeo, unaotokana na tofauti ndogo ndogo nyingi zilizotawanyika katika DNA yote, ambapo kila moja huongeza au hupunguza hatari kwa kiasi kidogo mno. Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa aina hii ulitoka Japani mwaka 2011 na kutaja maeneo matatu ya DNA. Kufikia mwaka 2019 uchunguzi uliohusisha wanawake zaidi ya 35,000 wenye faibroidi, ukilinganisha na wengine wasio nazo, ulikuwa umefikisha maeneo 29. Baadhi ya jeni zilizojitokeza zinaeleweka mara moja: iko inayotengeneza kipokezi cha homoni ya estrojeni, iko WNT4 inayoshiriki kuunda viungo vya uzazi tangu tumboni, na iko ile inayolinda ncha za kromosomu zisichakae. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba sehemu ya mwelekeo wa kupata faibroidi ni ile ile ya mwelekeo wa kupata endometriosisi, ugonjwa ambapo tishu inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake, na hapo pana maelezo ya sehemu kwa wanawake wanaobeba magonjwa yote mawili.

Mwelekeo wa kurithi, pamoja na kosa la MED12, bado havitoshi bila homoni. Faibroidi hazionekani kabla ya kubalehe na kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukoma, kwa sababu seli zake huhitaji estrojeni ya kuziandaa na projesteroni ya kuzikuza, na hiyo ndiyo sababu dawa zinazozima homoni hizo hupunguza uvimbe, ambao hurudi dawa zikiachwa. Kuanza hedhi mapema huongeza hatari, na kuzaa huipunguza. Hapa inafaa kusahihishwa imani iliyoenea mitaani kwamba sindano za uzazi wa mpango ndizo zinazoleta faibroidi, kwa kuwa tafiti kadhaa zimeonyesha kinyume chake, kwamba wanaozitumia hupata faibroidi kwa kiwango cha chini.

Swali gumu kuliko yote ni kwa nini wanawake weusi huathiriwa zaidi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba hupata faibroidi wakiwa na umri mdogo zaidi, hupata nyingi na kubwa zaidi, na hufikia upasuaji mara nyingi zaidi kuliko wanawake wenye asili ya Ulaya. Ni rahisi kusema kwamba ni jeni, na huenda jeni zina sehemu yake, lakini uthibitisho wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Upungufu wa vitamini D, ambayo ngozi nyeusi huitengeneza taratibu katika nchi zenye jua hafifu, umehusishwa na faibroidi, na dawa za kulainisha nywele nazo zimehusishwa katika uchunguzi wa wanawake weusi wa Marekani, bila kusahau msongo wa maisha na huduma za afya zinazochelewa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni jeni. Zaidi ya hayo, Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi za jeni kuliko mabara mengine yote, na Mmarekani mweusi, ambaye wazee wake wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, hawezi kuwa mwakilishi wa Mdigo, Mchaga au Mjaluo. Kuzungumza kuhusu jeni za mwanamke mweusi kana kwamba ni kitu kimoja ni uvivu wa fikra, na orodha za maeneo ya DNA zilizotokana zaidi na wanawake wa Ulaya na Japani hazipaswi kutumiwa kumtabiria binti wa Tanga au Kisumu hatima yake. Dawa ya kasoro hiyo ni tafiti zitakazofanyika katika hospitali za Afrika zenyewe, kwa DNA ya wagonjwa wake.

Iko hali moja ambapo faibroidi hurithiwa waziwazi kutoka kwa mzazi, na ingawa ni nadra, ndiyo ambayo msomaji anapaswa kuifahamu kuliko nyingine. Inatokana na jeni iitwayo FH, iliyomo katika kromosomu ya 1, ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 2002. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya kinachoshiriki katika mzunguko ambao seli huutumia kuchoma chakula ili kupata nguvu, na kazi yake ni kuigeuza asidi iitwayo fumarati. Mtu mwenye nakala moja mbovu, aliyoirithi kwa baba au kwa mama, huishi vizuri kwa msaada wa nakala nzima iliyobaki, lakini seli moja ikiipoteza hata hiyo, fumarati hujilimbikiza, hung'ang'ania protini nyingine na kuifanya seli ijione kana kwamba imekosa hewa ya oksijeni, nayo huanza kukua bila kiasi. Kila mtoto wa mzazi mwenye nakala hiyo mbovu, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Wanawake wenye hali hii hupata faibroidi nyingi na kubwa wakiwa bado katika miaka ya ishirini au ya thelathini. Wake kwa waume huweza kuota vipele vigumu vya ngozi, mikononi, mgongoni au kifuani, ambavyo huuma vikiguswa au vikipatwa na baridi. Hatari yenyewe, hata hivyo, imo katika figo: takriban watu 15 katika kila 100 wenye jeni hiyo mbovu hupata saratani ya figo ya aina kali, ambayo husambaa mapema hata ikiwa ndogo, na kwa hiyo wataalamu hushauri figo zao zipigwe picha kila mwaka tangu utotoni. Kwa familia ya namna hiyo, faibroidi za binti wa miaka 25 zinaweza kuwa onyo litakalookoa maisha ya kaka yake.

Kwa wanawake walio wengi picha ni tulivu zaidi. Saratani ya misuli ya mfuko wa uzazi ipo, lakini ni adimu, na makosa yake ya jeni kwa kawaida ni mengine, yakihusu zaidi jeni zinazozuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika, jambo linaloashiria kwamba nyingi kati yake huanza zikiwa saratani tangu mwanzo badala ya kutokana na faibroidi iliyogeuka. Ujuzi wa jeni bado haujafika mahali pa kumwambia daktari ampe mgonjwa yupi dawa ipi, na uamuzi wa kungoja, kutumia dawa, kuondoa uvimbe peke yake au kuondoa mfuko wote wa uzazi bado hutegemea dalili, umri, ukubwa na mahali uvimbe ulipo, na kama mwanamke anataka kuzaa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kila anayefanyiwa upasuaji anaweza kulidai, nalo halihitaji mashine za kusoma DNA. Faibroidi zenye kosa la FH huwa na sura ya pekee chini ya darubini, ambayo mtaalamu wa patholojia aliyezoea kazi yake anaweza kuishuku. Uvimbe unaotolewa usiishie katika ndoo ya taka ya chumba cha upasuaji. Upelekwe maabara, na majibu yake yaulizwe na kuhifadhiwa. Na mwanamke aliyepata faibroidi nyingi kabla ya miaka 30, hasa akiwa na vipele vya ngozi vinavyouma au ndugu aliyefariki kwa saratani ya figo, amweleze daktari wake habari hizo zote kwa pamoja, hata kama hajaulizwa.